Kilainishi cha kuvalia mabuti ya wekibodi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kaa ukingoni penye watu wanaocheza wekibodi, yaani wanaovutwa juu ya maji wakiwa wamesimama kwenye ubao, na utamwona: mtu mzima ameketi, ameuma meno, anavuta buti kama anang'oa kisiki. Mwenzake anampa sabuni, mwingine anasema mafuta, wa tatu anasema maji tu yanatosha. Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudi kila mara. Yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine.

## Mambo ya msingi

1. Kwa nini buti la wekibodi linigomee, wakati kiatu cha kawaida naingiza mguu bila kufikiri?

Kwa sababu limeundwa libane. Kiatu cha kutembelea huacha nafasi kuzunguka mguu. Ubao wa wekibodi huongozwa kwa kukandamiza kisigino au vidole, na mwanya wowote uliobaki ndani ya buti huufanya ubao uitikie kwa kuchelewa. Juu ya hayo, upande wa ndani umefunikwa kwa neoprini (mpira wa kutengenezwa kiwandani) au sponji, na vitu hivi hung'ang'ania ngozi, hasa ngozi yenye unyevu kidogo.

Halafu kuna umbo la mguu wenyewe. Chukua futi ya kitambaa upime mzunguko wa kifundo cha mguu, kisha upime mzunguko unaoanzia nyuma ya kisigino na kupita juu ya mgongo wa mguu. Wa pili ni mkubwa kuliko wa kwanza, na wote unatakiwa upite kwenye shingo ya buti iliyokatwa ili ikumbatie kifundo. Ndiyo maana vidole huingia bila shida, kisha mguu unakwama kisigino kikiwa nje. Kilainishi kinachopakwa vidoleni hakisaidii kitu.

2. Je, mabuti yote yanahitaji kilainishi?

Hapana. Yanayohitaji zaidi ni yale ya mtindo wa zamani yasiyo na kamba, yaliyotengenezwa kwa mpira na neoprini, ambayo hushika mguu kwa mvutano wa mpira peke yake. Mabuti ya skii za majini nayo mara nyingi ni ya aina hiyo. Yanafuatia mabuti ya kamba yaliyofungwa vidoleni, hasa yakiwa mapya. Mabuti yaliyo wazi vidoleni na yenye mikanda ya velkro huvaliwa kwa maji tu, na yale yenye kiatu cha ndani kinachotoka huvaliwa nchi kavu kama raba.

Mbao za mwanzo hazikuwa na usumbufu huu. Skurfer, ubao wa Tony Finn wa mwaka 1985, ulianza bila kitu chochote cha kufungia miguu, na mikanda ya miguu ikaongezwa muda mfupi baadaye. Kadiri watu walivyotaka kuruka juu zaidi, ndivyo buti lilivyozidi kubana.

3. Maji matupu hayatoshi?

Mara nyingi yanatosha, na ndiyo unayopaswa kujaribu kwanza. Chovya buti lote, chovya mguu, legeza kamba mpaka chini, kisha vaa. Watu wengi wanaodai maji hayafai wanakuwa wamelowesha mguu peke yake na kuacha buti kavu, jambo ambalo ni baya kuliko kuacha vyote vikavu.

Maji yana udhaifu mmoja: ni mepesi. Mkandamizo ukizidi, kama pale kwenye kisigino, hukamuliwa na kukimbilia pembeni, ngozi na neoprini zikabaki zinagusana. Kimiminika kizito kidogo huchelewa kukamuliwa. Kazi yote ya kilainishi ni hiyo, kukaa mahali pake kwa sekunde kama kumi ambazo kisigino kinapita.

4. Basi kilainishi kizuri kinatambulikaje?

Kwa kipimo kimoja ambacho mimi hukitumia kabla ya kusoma maandishi yoyote ya kwenye chupa. Paka tone moja kwenye kiganja, kichovye ndani ya maji baridi, sugua mara tatu bila sabuni. Kiganja kikirudi kuwa kama kilivyokuwa, bidhaa hiyo inafaa kufikiriwa. Kikibaki na utelezi, irudishe ulikoitoa.

Sababu ni kwamba kilainishi kinatakiwa kikusaidie kuingia kisha kiondoke. Kikibaki ndani, mguu utacheza ndani ya buti wakati wa kukata wimbi. Kikibaki mkononi, kishikio cha kamba kitakuponyoka. Sifa nyingine, yaani kutoharibu mpira, kutochoma ngozi na kutodhuru maji, zinajibiwa moja moja hapa chini.

## Kuchagua

5. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo inafaa?

Inafanya kazi, ndiyo maana imekuwa jibu la kila mtu. Ni rahisi kupata, hutelezesha vizuri, na haiumizi neoprini. Nikiwa sina kingine ninaitumia, ila nimeizimua: kijiko kimoja kikubwa katika chupa ya maji ya nusu lita kinatosha kabisa.

Lakini siipendi iwe ya kila siku. Imetengenezwa kuondoa mafuta kwenye sahani, na haibagui kati ya mafuta ya sahani na mafuta ya asili ya ngozi yako. Baada ya kuvaa na kuvua mara nne au tano kwa siku, ngozi ya kifundo hukauka, hupasuka, na inaanza kuwasha mahali palepale buti linaposugua. Pia hutoa povu, na povu ni hewa zaidi kuliko kilainishi. Na kuhusu inakoishia, tazama swali la 19.

6. Shampuu na kondishena je?

Shampuu ya watoto ni sabuni mpole zaidi, basi. Ina faida ileile na hasara zilezile, ila kidogo kidogo.

Kondishena, ile ya kulainisha nywele, ni habari nyingine, na kama ungenilazimisha nichague kitu kimoja kutoka bafuni ningechagua hiki. Ni nzito kuliko sabuni, haitoi povu, haikaushi ngozi, na hukaa juu ya kisigino bila kuchuruzika. Izimue kwa maji mara tatu au nne ya ujazo wake, utikise, uweke kwenye chupa ya kunyunyizia. Chagua ya bei ya chini na isiyo na mafuta mengi. Zile za kulisha nywele kavu huwa na mafuta ya mimea au silikoni nyingi, nazo huacha utando usiotoka kwa maji, kwa hiyo zinaanguka kwenye kipimo cha swali la 4.

7. Vilainishi vinavyouzwa maalumu kwa kazi hii vina siri gani?

Hakuna siri kubwa. Vingi ni maji yaliyofanywa mazito, pamoja na gliserini au kitu kinachofanana nayo, kihifadhi cha kuzuia ukungu, na pengine harufu na rangi. Unacholipia ni uzito uliopimwa vizuri, uhakika kwamba hakina mafuta, na chupa yenye mdomo unaofaa mkono uliolowa.

Inafaa kununua ukivaa mabuti ya mpira yanayobana sana, au kama ngozi yako haipatani na sabuni. Kwa anayevaa mabuti ya kamba mara chache kwa mwezi, kondishena iliyozimuliwa inafanya kazi hiyohiyo.

8. Naona aibu kuuliza, lakini je, jeli ya faragha, ile ya tendo la ndoa, inaweza kutumika?

Inaweza, na huna haja ya kuona aibu, kwa sababu swali hili huulizwa na wengi kuliko wanaokubali. Ile yenye msingi wa maji imetengenezwa isiharibu mpira, isikere ngozi nyororo, na itoke kwa maji. Hizo ni sifa tunazozitafuta. Ni nzito, kwa hiyo unahitaji kiasi kidogo: tone la ukubwa wa kunde kwa kila kisigino, na maji juu yake.

Soma chupa kabla. Zipo zenye msingi wa silikoni (swali la 10) na zenye mafuta (swali la 9), na chupa zake zinafanana. Hasara ya ile ya maji ni gharama, na kwamba ikikauka huanza kunata. Ukiona inanata, usiongeze jeli, ongeza maji.

9. Mafuta ya mgando, mafuta ya nazi, mafuta ya kupikia, losheni, vilainishi vya mashine?

Hapana, kwa vyote.

Mafuta huingia ndani ya mpira wa asili, huuvimbisha na kuufanya uwe dhaifu. Ni sababu ileile inayofanya pakiti za kondomu za mpira zionye usitumie mafuta. Kwenye buti uharibifu hauji kwa siku moja: mpira hulegea, kingo hujikunja, na siku moja unavuta kisigino na kipande kinabaki mkononi.

Mjuzi mmoja atakuambia neoprini haiogopi mafuta, na kwa kiasi fulani yuko sahihi. Neoprini ilibuniwa mwaka 1930 katika kampuni ya DuPont, Marekani, na ilithaminiwa hasa kwa sababu ilistahimili mafuta kuliko mpira wa asili. Ila buti si neoprini peke yake. Lina gundi, lina sponji ya EVA (aina ya plastiki laini) chini ya unyayo, lina mishono, na baadhi lina mpira wa asili. Gundi ndiyo hukubali kushindwa kwanza.

Hata kama buti lingekuwa la chuma, bado mafuta yangekosa sifa ya kuoshwa na maji. Yatakaa ndani siku nzima, yatakusanya mchanga, na mchanga pamoja na mafuta ni msasa.

Losheni ya kukinga jua inaingia kwenye kundi hili pia. Jipake, jua si mchezo, lakini ishia juu ya kifundo, na unawe mikono kabla ya kushika buti.

10. Silikoni haiharibu mpira. Kwa nini isitumike?

Ni kweli kwamba silikoni kwa kawaida haiumizi neoprini wala mpira, na utelezi wake hauna mpinzani. Tatizo ni kwamba haitoki. Maji hayaiyeyushi. Utaingia kwenye buti vizuri mara ya kwanza, na mwezi mzima baadaye mguu utakuwa bado unateleza ndani. Itahamia kwenye sakafu ya boti, kutoka hapo kwenye nyayo za kila abiria, na mwishowe kwenye kishikio. Ukihitaji kuitumia kwenye zipu ya vazi lako la maji, itumie hapo tu, kwa kidole kimoja.

11. Poda?

Nchi kavu, kwa buti kavu kabisa na mguu mkavu kabisa, hutelezesha. Ikikutana na tone moja la maji hugeuka uji. Mchezo huu una maji.

12. Naweza kutengeneza changu bila sabuni wala kondishena?

Ndiyo. Chukua wanga wa mahindi, ule mweupe laini wa kukazia mchuzi. Koroga kijiko kimoja kidogo kwenye kikombe cha maji baridi mpaka mabonge yaishe, kisha bandika motoni huku ukikoroga mpaka kioevu kiwe angavu na kizito kama ute wa yai. Kikipoa, tia kwenye chupa. Kama ni kizito mno, ongeza maji. Ukianza na kijiko kikubwa utapata kitu cha kulia kwa kijiko.

Hakikaushi ngozi, hakina harufu, na kinatoka kwa maji. Ubaya wake ni kwamba ni chakula, na vijidudu wanajua hivyo. Tengeneza cha siku moja, na kinachobaki ukimwage nyumbani. Mimi niliwahi kuisahau chupa kwenye gari lililofungwa juani kwa wiki. Sitaieleza ile harufu.

Ute wa mshubiri nao hufaa, ukiwa umechujwa. Utomvu wa manjano ulio chini ya ganda uondoe wote, maana huwasha ngozi za baadhi ya watu.

## Kuvaa na kuvua

13. Nipake kiasi gani, na wapi?

Kidogo kuliko unavyodhani. Kwa kilainishi kilichozimuliwa, minyunyizo miwili kwenye kisigino, mmoja kwenye mgongo wa mguu, na miwili ndani ya buti, nyuma, pale kisigino kinaposhukia. Kwa jeli nzito, rudi swali la 8.

Chini ya unyayo usipake. Hapo ndipo unaposimamia, na utelezi wa hapo hauna faida ya kuingia wala ya kuteleza juu ya maji. Vidole navyo viache, isipokuwa buti lako limefungwa mbele na kucha zinakwaruza.

14. Mpangilio mzuri wa kuvaa ni upi?

Anza kwa kamba. Zifungue hadi chini kabisa, tundu la mwisho, kisha uvute ulimi wa buti mbele na pembeni. Nusu ya watu wanaotafuta kilainishi bora wanatafuta tu buti lililofunguliwa vizuri.

Lowesha buti ndani, lowesha mguu, paka kama ilivyoelezwa katika swali la 13. Keti, ubao ukiwa mbele yako na umetulia. Ingiza vidole vikielekea chini, sukuma hadi viguse mbele au vitokeze. Sasa kunja goti, simamisha mguu, na usukume kisigino chini huku ukivuta kitanzi cha nyuma ya buti kwenda juu. Mambo haya mawili yafanyike kwa pamoja. Ukivuta bila kusukuma, unachovuta ni mishono.

Kama ni buti la mpira lisilo na kamba, lipindue sehemu ya kisigino nje kama unavyokunja ukosi wa shati, ingiza mguu, kisha ulikunjue juu ya kisigino.

Mguu ukishaingia, mwaga maji ndani ya buti na uchezeshe kisigino mara mbili tatu ili kilainishi kitoke. Ndipo ufunge kamba, kuanzia chini kwenda juu. Nawa mikono kabla ya kugusa kishikio. Hatua hii ya mwisho ndiyo husahaulika, na husahaulika mara moja tu.

15. Mguu umekwama nusu njia, hauingii wala hautoki.

Acha kuvuta. Ukihangaika, damu hujaa mguuni na mguu huvimba, na hapo unajichelewesha mwenyewe. Ingiza kidole kimoja nyuma ya kisigino, utengeneze mwanya, na mwenzako amwage maji humo, kisha kilainishi kidogo. Pumzika nusu dakika. Nyoosha vidole kama mcheza dansi, urudi nyuma sentimita moja au mbili, halafu uanze upya kutoka hapo. Kurudi nyuma kidogo hurudisha kilainishi mahali kilipokamuliwa.

Ukiwa ukingoni au kwenye gati, zamisha buti na mguu ndani ya maji na umalizie huko chini. Wengi huvaa hivyo tangu mwanzo, wakishaondokana na woga wa kuonekana hawajui.

16. Nivae soksi, au mfuko wa plastiki?

Soksi nyembamba ya nailoni, aina ya soksi ndefu za kike, hutelezesha vizuri sana na hulinda ngozi iliyochubuka. Soksi ya pamba hunywa maji, hujikunja, na itakuachia malengelenge. Soksi ya neoprini inaongeza unene, kwa hiyo ifae tu kama buti limeshalegea.

Mfuko wa plastiki kwenye mguu ni ujanja wa kweli: unavaa buti juu yake, kisha unauchomoa kupitia upande wa vidole. Unahitaji buti lililo wazi mbele. Na mfuko ukiupoteza majini, umechafua kuliko sabuni yoyote.

17. Kuvua ndiko kunaniua. Je, nipake tena?

Kwa kawaida maji yanatosha, kwa sababu buti limeshalowa. Fungua kamba zote, usifungue za juu tu. Weka mkono mmoja chini ya kisigino cha buti, sukuma chini, na uinue kisigino cha mguu kwanza. Watu huvuta vidole kwanza, na kisigino kinajikaza zaidi. Mguu ukiwa umevimba baada ya kukaa muda mrefu, minyunyizo miwili nyuma itakuokoa.

## Usalama na mazingira

18. Kilainishi hakitafanya mguu uchomoke ninapoanguka?

Kikishaoshwa, hapana. Buti la wekibodi halifunguki lenyewe kama kifungo cha skii za theluji. Hushika miguu yote miwili na linatakiwa liendelee kuishika. Hatari mbaya ni mguu mmoja kuchomoka na mwingine kubaki, kwa sababu uzito wote wa ubao unageuza goti au kifundo kilichobaki.

Kama mguu unachomoka mara kwa mara, kagua vitu vitatu kwa mpangilio huu: kilainishi kisichotoka kwa maji (swali la 10), kamba zilizofungwa kabla ya buti kusuuzwa, na buti lililolegea kwa umri. Paka miguu yote miwili kiasi sawa pia, ili mmoja usiwe na utelezi kuliko mwenzake.

19. Hiki ninachopaka kinaishia majini. Kina madhara?

Kinaishia majini chote, na hili ndilo linalonifanya niitilie sabuni shaka. Sabuni huvunja mvutano wa uso wa maji na huweza kudhuru matamvua ya samaki pamoja na viumbe wadogo. Neno «huoza kiasili» kwenye chupa halimaanishi haidhuru. Linamaanisha vijidudu wataivunja baada ya muda, na hilo hufanyika vizuri zaidi kwenye udongo. Ndiyo sababu wapiga kambi hushauriwa kuogea na kuoshea vyombo mita 60 hivi kutoka ukingoni, hata kwa sabuni ya aina hiyo.

Mtu mmoja kwenye ziwa kubwa, minyunyizo mitano kwa kila mguu, hatalimaliza ziwa. Watu arobaini kwenye bwawa dogo ambako watu huvutwa na kebo badala ya boti, kila siku, ni hesabu nyingine. Baadhi ya sehemu kama hizo hukataza sabuni kabisa, kwa hiyo soma ubao wa masharti kabla ya kutoa chupa. Penye katazo, au kwenye maji yanayonyweka, tumia maji matupu au ute wa wanga wa swali la 12, na upake kidogo.

20. Navaa nikiwa nimeketi kwenye jukwaa la nyuma ya boti. Kuna la kuangalia?

Mawili, na la pili ni zito.

La kwanza, kilainishi kilichomwagika kwenye jukwaa hugeuka mtego kwa anayekuja nyuma yako. Paka ukiwa umeelekeza mguu juu ya maji, na usuuze jukwaa ukimaliza.

La pili, injini izimwe. Haitoshi kuiacha ikinguruma bila kuvuta. Moshi wa injini hujikusanya nyuma ya boti, na ndani yake mna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlegeza mtu kabla hajajua. Anayehangaika na buti kwa dakika tano amekaa katikati ya moshi huo, na miguu yake iko karibu na rafadha. Mwambie mwendeshaji azime. Akikataa, kavae ndani ya boti.

21. Ngozi yangu inawasha baada ya kutumia.

Suuza, acha ngozi ikauke, na ubadilishe bidhaa. Mara nyingi chanzo ni harufu au sabuni kali isiyozimuliwa. Jaribu kipya ndani ya kiwiko cha mkono siku moja kabla. Kwenye kidonda au mchubuko usipake kitu isipokuwa maji safi. Funika kwa bandeji isiyopitisha maji na soksi ya nailoni juu yake. Upele usioisha baada ya siku kadhaa mwonyeshe daktari. Huenda ni fangasi, na mabuti yenye unyevu ni makazi mazuri kwao.

## Hali za pekee

22. Kwenye baridi buti linakuwa gumu kama gome la mti.

Neoprini hukakamaa ikipoa. Beba maji ya uvuguvugu kwenye chupa ya kuhifadhi joto na uyamwage ndani ya buti dakika mbili kabla ya kuvaa. Yawe ya kiwango ambacho ungeogea. Maji yanayochemka hulegeza gundi na kubadili umbo la sponji ya EVA. Weka kilainishi ndani ya koti pia, maana kikipoa sana kinakuwa kizito na hakinyunyiziki.

23. Baharini kuna tofauti?

Kuvaa ni kulekule. Sabuni haitoi povu vizuri kwenye maji ya chumvi, jambo ambalo halikupunguzii kitu. Tofauti iko baada ya mchezo: chumvi ikikauka huacha chembe zinazokwaruza neoprini na ngozi, kwa hiyo suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyohiyo.

24. Mabuti ni ya kukodi, na sijui aliyetangulia alipaka nini.

Pitisha kidole ndani. Kikiteleza wakati buti ni kavu, kuna silikoni au mafuta. Omba jingine, au lioshe kwa sabuni na usuuze sana kabla ya kuvaa. Tumia kilainishi chako mwenyewe, na kile cha chupa ya pamoja iliyoshikwa na kila mtu ukiache.

25. Mtoto analia kila anapovaa.

Mabuti ya watoto mengi yako wazi vidoleni ili yakidhi saizi kadhaa, kwa hiyo kilio mara nyingi hutokana na kamba zisizofunguliwa hadi chini, au mkubwa anayesukuma kwa haraka. Mvalishe ndani ya maji ya kina kifupi, kwa kondishena ya watoto iliyozimuliwa. Usimnunulie buti kubwa ili avae kirahisi. Sababu iko kwenye swali la 18.

26. Napaka nusu chupa na bado haliingii.

Basi buti si lako. Kilainishi hupunguza msuguano, saizi hakiibadilishi. Ukiwa umesimama ndani ya buti lililofungwa, vidole viguse mbele bila kujikunja, kisigino kisiinuke, na mguu usife ganzi ndani ya dakika kumi. Sponji ya ndani hulegea kidogo baada ya matumizi kadhaa, kwa hiyo buti jipya linalobana sawasawa pande zote livumilie. Linalobana sehemu moja tu lina tatizo la umbo, na baadhi ya mabuti yanaweza kupashwa joto dukani yachukue umbo la mguu.

27. Mabuti yananata na yananuka mwisho wa msimu.

Kunata ni kilainishi kilichokaukia ndani, hasa chenye gliserini, ambayo huvuta unyevu na vumbi. Kunuka ni unyevu huo na vijidudu wake. Jaza buti maji ya uvuguvugu, acha robo saa, sugua kwa brashi laini, mwaga, rudia mpaka maji yatoke safi. Anika kivulini ulimi ukiwa umevutwa mbele. Jua kali hupasua mpira.

28. Chupa gani ni nzuri kubebea?

Ndogo, ya kunyunyizia, ya plastiki laini inayofunguka kwa mkono mmoja. Ifunge kamba fupi shingoni na ncha nyingine uifunge kwenye boti au kwenye begi. Andika jina la kilichomo kwa kalamu isiyofutika, kwa sababu kondishena iliyozimuliwa inafanana sana na maziwa.